Kumi na Moja Waliosahauliwa: Uchague kwa Mlango, kwa Kivuli au kwa Mzigo?

Tangu timu ya Uganda ilipofuzu Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi) kule Windhoek mwaka 2023, na hasa baada ya kuilaza Papua New Guinea nchini Guyana Juni 2024, mazungumzo ya kriketi hapa Kampala yamepanuka. Ukikaa pembeni mwa uwanja wa Lugogo siku ya mechi, husikii tena habari za ligi yetu na IPL ya India peke yake. Vijana wanauliza historia. Wanataka kujua mechi ya Testi, ile ya kimataifa ya siku tano, inamvutaje mtu, na nani walikuwa wakali kabla ya video za simu. Kutoka hapo haichukui muda kabla mtu hajaanza kuunda kikosi chake cha wakati wote.

Kikosi cha vigogo hakina kazi. Bradman, Sobers, Tendulkar, Warne: ukishawaandika hao, utabishana na mwenzako juu ya nafasi mbili tatu, basi. Kazi iko kwenye kikosi cha wachezaji wa Testi waliosahauliwa. Hapo watu hukwama, na hukwama mahali pale pale: wanarusha majina kabla hawajakubaliana ni nini kilichomsahaulisha mchezaji. Mmoja anamtaja Barry Richards, mwingine Stuart MacGill, wa tatu Andy Flower, kisha wanagombana nani zaidi. Kumbe hao watatu walisahauliwa kwa sababu tatu zisizofanana hata kidogo. Richards alifungiwa mlango. MacGill alikaa kwenye kivuli cha mtu mkubwa kuliko yeye. Flower alibeba mzigo wa timu nzima.

Kwa hiyo nimeziweka kanuni tatu za kuchagua, kila moja na kikosi chake cha kumi na moja, na zote nimezipima kwa vigezo vilevile. Msomaji aamue ipi inamfaa.

## Vigezo kwanza

Cha kwanza ni ushahidi. Tunahesabu alichokifanya mtu ndani ya Testi tu, na lazima awe amecheza angalau moja. Sharti hili linauma. Linamwacha nje Steve Tikolo wa Kenya, kwa kuwa Kenya haikupewa hadhi ya Testi hata baada ya kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Linawaacha nje Sam Walusimbi na John Nagenda wetu, walioichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la 1975. Lakini bila sharti hilo kila mtu ataleta shujaa wa mtaani kwake na hatutafika popote.

Cha pili ni sababu: kilichomsahaulisha kiwe kinaonekana wazi, kisiwe hisia ya shabiki. Cha tatu ni mizani ya kikosi, maana kumi na moja wanatakiwa kuwa na wapigaji wa kufungua, mlinda wiketi, warushaji wa kasi na wa spini. Cha nne ni utetezi, yaani ukiulizwa maswali magumu, kikosi chako kinasimama au kinaanguka?

Kwa wageni wa takwimu: wastani wa mpigaji ni mikimbio anayopata kila anapotolewa, na ukipita 40 yule ni mpigaji mzuri, ukipita 50 ni wa daraja la juu kabisa. Wa mrushaji ni mikimbio anayotoa kwa kila wiketi, yaani kila mpigaji anayemtoa, kwa hiyo ukiwa mdogo ndiyo bora. Chini ya 25 ni hatari.

## Kanuni ya mlango: waliozuiwa wasiendelee

Wanaoingia. Barry Richards na Eddie Barlow wanafungua. Wanafuata Andy Ganteaume, Lee Irvine, Basil D'Oliveira, mlinda wiketi Denis Lindsay, Mike Procter, John Traicos, Hedley Verity, Peter Pollock na Ken Farnes.

Sababu. Wengi wao ni watu wa Afrika Kusini, ambayo baada ya Machi 1970 haikucheza Testi tena hadi 1992 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Farnes na Verity walichukuliwa na Vita Kuu ya Pili. Farnes alikufa kwenye ajali ya ndege ya kijeshi mwaka 1941, na Verity alikufa kwa majeraha akiwa mfungwa wa vita nchini Italia mwaka 1943. Ganteaume wa Trinidad ana kisa cha peke yake: Februari 1948, Port of Spain, aliichezea West Indies dhidi ya Uingereza, akapiga 112, na hakuitwa tena kwenye Testi maisha yake yote. Walisema alipiga polepole. Wastani wake umebaki 112.

Ushahidi. Hapa ndipo kanuni hii inapovutia na inapotetereka kwa wakati mmoja. Richards ana Testi 4, mikimbio 508, wastani 72.57. Procter ana Testi 7 na wiketi 41 kwa wastani wa 15.02. Irvine ana Testi 4 na wastani wa zaidi ya 50. Ukijumlisha Testi za Richards, Irvine, Ganteaume, Procter na Traicos unapata 23 tu. Rangana Herath wa Sri Lanka peke yake alicheza 93. Mtu akikuambia kuwa Testi 4 hazithibitishi kitu, utamjibu nini? Utalazimika kuzungumzia misimu yao ya ligi ya Uingereza, na hapo umeshatoka nje ya kigezo chetu cha kwanza. Barlow na Pollock ndio wanaokupa mguu wa kusimamia: Barlow ana Testi 30 na wastani wa 45.74, Pollock ana wiketi 116 kwa wastani wa 24.18.

Mizani. Warushaji wa kasi ni wa kutisha. Procter, Pollock na Farnes mpira ukiwa mpya, Barlow akisaidia. Verity ni spini safi ya mkono wa kushoto. Juni 1934 kwenye uwanja wa Lord's, London, alitoa Waaustralia 15 kwenye mechi moja, maana katika Testi kila timu hupiga zamu mbili. Upigaji unategemea watu ambao hatukuwaona vya kutosha, ingawa Lindsay ananipa moyo: mwaka 1966–67 alipata mikimbio 606 kwenye mfululizo mmoja dhidi ya Australia, huku akilinda wiketi.

Utetezi. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sisi ni Waafrika na jambo hili linatuhusu.

Ukiunda kikosi cha waliofungiwa mlango na ukajaza Waafrika Kusini weupe, unaweza kusimulia historia kichwa chini. Waliofungiwa kwanza, na kwa muda mrefu zaidi, ni weusi, machotara na Wahindi wa nchi ile. Mwaka 1894 mrushaji wa kasi Krom Hendricks aliachwa nje ya ziara ya Uingereza kwa sababu ya rangi yake, na hakupata Testi hata moja. Sharti letu la Testi moja linamwacha nje yeye na maelfu waliomfuata, na hilo ni pengo la kanuni yenyewe, unatakiwa kulitamka kila unapokitaja kikosi hiki.

Ndiyo maana kwangu nahodha wa kikosi hiki ni D'Oliveira, hata kama Richards ana wastani mkubwa zaidi. Mwaka 1958 aliongoza timu ya Waafrika Kusini wasio weupe kwenye ziara ya Afrika Mashariki, huku kwao haruhusiwi kuichezea timu ya taifa. Mwaka 1960 akahamia Uingereza, akapata Testi yake ya kwanza 1966 umri ukiwa umeshapita miaka 30. Agosti 1968 akapiga 158 dhidi ya Australia kwenye uwanja wa The Oval, London, akaachwa kwenye kikosi cha kwenda Afrika Kusini, kisha akaitwa mwenzake alipoumia. Waziri Mkuu Vorster akakataa kuipokea timu yenye yeye ndani, na ziara ikafutwa. Amemaliza na Testi 44 na wastani wa 40.06. Jiulize angekuwa na ngapi kama angeanza akiwa na miaka 22.

Kuwatendea haki wengine: Aprili 1971, uwanja wa Newlands mjini Cape Town, Procter alimrushia Richards mpira mmoja, kisha wachezaji wote wakatoka uwanjani kupinga serikali kukataa wachezaji wachaguliwe bila kujali rangi. Ilikuwa hatua ndogo, imechelewa, lakini waliichukua.

Na kuna wale walioufunga mlango wenyewe. Lawrence Rowe, Colin Croft na Sylvester Clarke wa West Indies walikwenda kucheza Afrika Kusini mwaka 1983 kwa malipo, wakafungiwa. Vipaji vyao havina shaka. Rowe alianza Testi kwa 214 na 100 bila kutolewa kwenye mechi moja, Kingston 1972. Croft alipata wiketi 8 kwa mikimbio 29 dhidi ya Pakistan mwaka 1977. Mimi siwaweki. Waliosahauliwa na walioondoka kwa hiari yao hawakai benchi moja. Mwenzangu mmoja huwaweka wote watatu, akisema kriketi ile iliwalipa vibaya sana na njaa haina siasa. Namwelewa, ila bado siwaweki.

Inamfaa nani. Msomaji anayependa historia na siasa kuliko hesabu, na anayekubali kubishana juu ya kilichoweza kuwa.

## Kanuni ya kivuli: waliocheza pembeni ya wakubwa

Wanaoingia. Arthur Morris na Conrad Hunte wanafungua, wakifuatiwa na Ken Barrington, Larry Gomes, Brad Hodge na Damien Martyn. Bob Taylor analinda wiketi, kisha Alan Davidson, Rangana Herath, Stuart MacGill na Brian Statham.

Sababu. Hii ndiyo sababu iliyo rahisi kuionyesha, kwa kuwa kivuli chenyewe kina jina. Agosti 1948, The Oval, Don Bradman alitolewa kwa sifuri kwenye zamu yake ya mwisho ya Testi. Dunia nzima inaijua ile sifuri. Aliyekuwa amesimama upande wa pili akiitazama ni Morris, na kwenye zamu ileile Morris alifika 196. Kingston 1958, Garfield Sobers alipiga 365 bila kutolewa, rekodi ya dunia wakati ule. Hunte alipiga 260 kwenye zamu ileile, wawili hao wakaongeza 446 pamoja. Lord's 1984, Gordon Greenidge alipiga 214 bila kutolewa West Indies ikafukuza lengo la 342 na kushinda; Gomes alikuwa naye hadi mwisho na 92 zake. Mara tatu, uwanja mmoja, saa moja, na jina moja tu likabaki midomoni mwa watu.

Kwa warushaji ni hivyohivyo. MacGill alikuwa na bahati mbaya ya kuzaliwa zama moja na Shane Warne, wote wakirusha spini ya aina moja. Alipopewa nafasi alitoa watu: wiketi 208 kwenye Testi 44, zikiwemo 12 kwenye mechi moja dhidi ya Uingereza mjini Sydney Januari 1999, na Warne mwenyewe alikuwa uwanjani. Herath alianza Testi mwaka 1999, lakini alisubiri Muttiah Muralitharan astaafu Julai 2010. Wiketi zake nyingi, zaidi ya 350 kati ya 433, zilikuja baada ya hapo, akiwa mtu wa miaka 32 kwenda juu, tumbo limeanza kujitokeza, hatua fupi, mpira mmoja baada ya mwingine mahali palepale. Taylor alicheza Testi moja mwaka 1971 kisha akangoja hadi 1977, mlinda wiketi Alan Knott alipokwenda kwenye kriketi ya kulipwa ya tajiri Kerry Packer. Hata alipodaka kumi kwenye mechi moja mjini Bombay mwaka 1980, magazeti yalimwandika Ian Botham, aliyekuwa na senchuri (mikimbio 100 au zaidi kwenye zamu moja) na wiketi 13.

Ushahidi. Mzito kuliko wa vikosi vyote vitatu. Barrington ana mikimbio 6,806 kwa wastani wa 58.67, mwaka 1965 alipiga 137 dhidi ya New Zealand, na wachaguzi wakamtema mechi iliyofuata kwa kupiga taratibu mno. Statham, mrushaji mwenza wa Fred Trueman, ana wiketi 252 kwa 24.84. Davidson ana 186 kwa 20.53, na kwenye mechi iliyoisha sare ya mikimbio mjini Brisbane Desemba 1960 alikuwa mtu wa kwanza katika Testi kupata wiketi 10 na mikimbio 100 katika mechi moja. Mwenye mechi chache ni Hodge, Testi 6, wastani 55.88, na mojawapo ya zamu zake ni 203 bila kutolewa.

Mizani. Hakuna shimo kubwa, isipokuwa mkia kuanzia kwa Taylor ni mrefu kidogo. Mkono wa kushoto na wa kulia wanapishana kwenye upigaji na kwenye urushaji. Spina wawili wanatofautiana: Herath anabana, MacGill ananunua wiketi kwa mikimbio.

Utetezi. Swali gumu utakaloulizwa ni hili: je, hawa kweli wamesahauliwa? Ukimtaja Statham au Davidson kwa mzee wa Manchester au Sydney atakushangaa. Jibu langu ni kwamba kusahauliwa kunapimwa mahali ulipo. Hapa Kampala, Jinja au Mbale taja Warne na kila mchezaji wa klabu atainua mkono. Taja MacGill uone mikono mingapi itabaki. Hata hivyo nakiri kwamba hii ni kanuni ya nchi tajiri za kriketi. Kivuli kinahitaji mti mkubwa, na miti mikubwa iliota Australia, Uingereza na West Indies.

Kwa mapenzi ya Afrika Mashariki, mchezaji wa akiba namweka Qasim Omar. Alizaliwa Nairobi mwaka 1957, akaichezea Pakistan Testi 26 katikati ya kina Javed Miandad na Zaheer Abbas, na alipiga mia mbili mara mbili. Wastani wa 36.63 haumwingizi kwenye kumi na moja, lakini kila ninapomtaja kuna mtu anayeuliza kwa mshangao, "Nairobi hii yetu?"

Inamfaa nani. Mpenda takwimu, na mtu anayetaka kikosi kitakachoshinda mabishano.

## Kanuni ya mzigo: waliobeba timu dhaifu

Wanaoingia. Vinoo Mankad na Bert Sutcliffe wanafungua. Kisha Vijay Hazare, Andy Flower akilinda wiketi, Habibul Bashar, Dave Houghton, John Reid akiwa nahodha, Heath Streak, Fazal Mahmood, Subhash Gupte na Jack Cowie.

Sababu. Nchi zao zilikuwa changa au dhaifu, mechi zilipotea, na historia huandikwa na washindi. Sutcliffe wa New Zealand alicheza Testi 42 na hakushinda hata moja. Arobaini na mbili. Wastani wake ni 40.10.

Msimulie kijana yeyote habari ya Desemba 1953, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Usiku wa tarehe 24 treni ilitumbukia mtoni Tangiwai, New Zealand, watu 151 wakafa, na mmoja wao alikuwa mchumba wa mrushaji Bob Blair, aliyekuwa na timu Afrika Kusini. Tarehe 26 mechi iliendelea, Blair akabaki hotelini. Mrushaji Neil Adcock alikuwa akitisha. Sutcliffe alipigwa na mpira kichwani, akapelekwa hospitali, akarudi kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, akaanza kuupeleka mpira nje ya uwanja. Wiketi ya tisa ilipoanguka watu walidhani zamu imekwisha, kwa kuwa Blair hakutarajiwa. Ndipo akatokea kwenye ngazi, na uwanja mzima ukasimama kimya. Wawili hao waliongeza mikimbio 33 kabla Blair hajatolewa. Sutcliffe alibaki na 80, akiwa amepiga pigo la mikimbio sita mara saba. New Zealand ilishindwa mechi ile.

Ushahidi. Wa kutosha, na kwa wengine ni wa kustaajabisha ukikumbuka walivyokuwa peke yao. Flower ana mikimbio 4,794 kwa wastani wa 51.54, huku akilinda wiketi kwa Testi nyingi kati ya 63. Septemba 2001 mjini Harare aliipigia Zimbabwe 142 kwenye zamu ya kwanza na 199 bila kutolewa kwenye ya pili dhidi ya Afrika Kusini. Wakafungwa kwa wiketi tisa. Streak ana wiketi 216 kwa 28.14. Houghton alipiga senchuri kwenye Testi ya kwanza kabisa ya Zimbabwe mwaka 1992, na 266 dhidi ya Sri Lanka miaka miwili baadaye. Gupte wa India, spina ambaye Sobers alimsifu sana, alipata wiketi 9 kwa mikimbio 102 dhidi ya West Indies mjini Kanpur 1958. Mankad pale Lord's mwaka 1952 alipiga 72 na 184 na katikati yake akapata wiketi tano, India ikafungwa. Cowie aliambulia Testi 9 tu kwa sababu ya vita na ratiba finyu ya New Zealand, akapata wiketi 45 kwa 21.53. Anayeonekana mwepesi kwenye karatasi ni Habibul, wastani 30.87, lakini aliisimamisha Bangladesh miaka ambayo mara nyingi ilikuwa ikifungwa kabla ya siku ya nne.

Mizani. Wanaojua kupiga na kurusha ni wengi: Mankad, Reid, Streak. Spini ni nzuri. Kasi ya kweli haipo. Fazal na Streak ni watu wa akili na mkono, wanaupinda mpira na kuukata. Lakini ngoja niseme jambo kwa wachezaji wa hapa, hasa mliojifunza mchezo huu shuleni kwenye kiwanja kilichotandikwa mkeka. Fazal kwenye mkeka hakuwa na mfano. Oktoba 1956 mjini Karachi aliwatoa Waaustralia 13 kwenye mkeka. Na hata kwenye nyasi za The Oval mwaka 1954 alipata wiketi 12 kwa mikimbio 99, Pakistan ikaishinda Uingereza kwa mikimbio 24.

Utetezi. Watakuambia kuwa mchezaji bora kwenye timu dhaifu huonekana mkubwa kwa sababu hana wa kulinganishwa naye. Hoja hiyo ina uzito kwa mpigaji wa nyumbani tu. Kwa Flower haina, maana alipiga 232 bila kutolewa dhidi ya India ugenini Nagpur mwaka 2000. Kwa mrushaji wa timu dhaifu ni kinyume: hana mwenzake wa kubana upande wa pili, wadakaji wanaangusha, na wapinzani wanaweza kumsubiri amalize ova zake (mafungu ya mipira sita).

Inamfaa nani. Kocha, mwalimu wa michezo, na shabiki yeyote wa nchi inayopanda. Mtu aliyemtazama Frank Nsubuga akirusha ova nne kwa mikimbio minne na wiketi mbili kule Guyana ataielewa bila kuelezwa.

## Zikikutanishwa

Zikicheza siku tano kwenye kiwanja cha kawaida, karatasi inasema kikosi cha kivuli ndicho chenye makosa machache. Asubuhi ya mawingu, mpira mpya ukiwa mkononi mwa Procter, sitaki kuwa mpigaji wa kikosi chochote kati ya hivyo viwili vingine. Kiwanja kikichakaa siku ya nne, Mankad na Gupte dhidi ya Herath na MacGill ni pambano ambalo ningelipia tiketi mara mbili.

Anayegusa vikosi viwili ni mmoja, Traicos. Alizaliwa Misri, akaichezea Afrika Kusini Testi tatu mwaka 1970, mlango ukafungwa. Zimbabwe ilipopata Testi yake ya kwanza Oktoba 1992 akarudi, miaka 22 baadaye, umri 45, akapata wiketi tano, na mmoja wao ni Sachin Tendulkar, aliyemrudishia mpira mikononi akatoka kwa sifuri. Nimemweka kwenye mlango. Ukimhamishia kwenye mzigo sitakupinga.

## Uchague ipi

Ukiwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wa takwimu, nenda na kivuli. Namba zake hazihitaji maelezo, na mchezaji wa kumtetea kwa nguvu ni Hodge peke yake.

Ukiwa na wazee wanaokumbuka Afrika Mashariki ya 1975, au na watu wanaopenda mjadala wa Afrika na ubaguzi, chukua mlango. Kabla ya kuanza, amueni pamoja suala la kina Rowe, kwa sababu likizuka katikati hamtamaliza kikosi. Na mtaje Hendricks.

Ukifundisha watoto, Mwiri, Budo au shule ya kata isiyo na wavu wa mazoezi, chukua mzigo. Chagua mchezaji mmoja kila wiki umsimulie, anza na Sutcliffe, kisha Flower, kisha Fazal siku mnayotandika mkeka.

Ukitaka kuchanganya, usichague majina bora kumi na moja kutoka kwa wote thelathini na watatu, maana utarudi kwenye ubishi ule ule wa mwanzo. Gawa nafasi kwanza: wapigaji wa kufungua kutoka kivulini, wa katikati na mlinda wiketi kutoka kwenye mzigo, mpira mpya kutoka mlangoni, na spina mmoja mmoja kutoka kanuni mbili unazozipenda. Mimi nikifanya hivyo napata Morris, Hunte, Hazare, Flower, Houghton, Reid, Procter, Herath, Gupte, Pollock na Farnes. D'Oliveira namweka mchezaji wa kumi na mbili, ila siku nyingine namtoa Houghton na kumwingiza yeye.

Na kama una muda wa mchezaji mmoja tu wa kumfuatilia, kwa mtu wa Testi za zamani mchukue Davidson; kwa mrushaji wa spini anayeanza mchukue Herath, kwa kuwa video zake zipo na hatua zake fupi zinaigika; kwa mlinda wiketi anayetakiwa pia kuibeba timu kwa kupiga, mchukue Flower, na uanze na zile zamu mbili za Harare.